Mguu wa Mama Uliorukwa

Nilipokuwa bado mtoto wa kupewa nyundo ndogo tu, mama yangu aligonga kokoto kando ya machimbo ya Mlolongo. Alikaa chini, mguu wa kulia kaunyoosha mbele, wa kushoto kaukunja chini yake, mwili kaupinda upande mmoja. Alikaa hivyo kutwa, miaka nenda miaka rudi. Nani angeshuku namna ya kukaa?

Pembeni yake aligonga Mama Mutua, jirani yetu. Walikuwa chanda na pete, nami nilikula na kulala kwake kama kwetu. Siku moja lori la kununua kokoto lilifika, na Mama Mutua, kwa haraka ya kumwahi dereva, akauruka mguu wa mama. Kwetu, mtu akikuruka mguu sharti auruke tena kurudi alikotoka, la sivyo amekuachia kitu kibaya mwilini.

"Rudi! Ruka tena vile umekuja!" mama alipiga kelele.

"Wacha hizo, Mama Mwikali. Lori itaniacha!"

Hakurudi. Baadaye goti la mama likaanza kuuma, na kushuka mteremko wa kwetu kukawa kilio. Alianza kumtazama rafiki yake kwa jicho la pembeni. Chai aliyoletewa naye aliinusa kwanza, kisha akaimwaga. Mwishowe akanikataza kwenda kwake.

"Huyo ako na uoi," alininong'oneza, yaani ni mchawi.

Niliogopa hadi kivuli cha yule mama. Nililia pia, maana nilimpenda, na uchawi au la, ugali wake niliutamani.

Mwaka jana nilimpeleka mama kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mjini Machakos. Alimtazama akitembea, akambonyeza paja.

"Mama, misuli ya huku nje imekaza sana, na ya ndani na ya nyonga imelegea. Kwa hivyo kile kifupa cha mbele ya goti kinavutwa kando, kinasugua. Kazini ulikuwa unakaa aje?"

Mama akamwonyesha. "Basi ni huko kukaa," akasema.

Alifanya mazoezi kwa bidii, goti likatulia. Mwaka huu nikaona nafasi ndiyo hiyo.

"Mama, twende Masinga tumsalimie Mama Mutua. Si umesikia haikuwa yeye?"

Alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Alihamia Masinga lini?"

"Mwaka jana."

"Na mguu ulipona lini?"

Nilikasirika, nikataka kumkumbusha yale mazoezi yote. Lakini nilikuwa nimeshaanza, Mungu anisamehe, kuhesabu miezi.