Mahindi ya Kaka Yangu

Tuliporudi kutoka Karagwe hatukuwa na hata punje moja ya mbegu. Baba tulimzika huko Tanzania, kaka yangu mkubwa alibaki kumaliza chuo, na mimi na mama tukapewa kipande cha shamba upande wa Bugeshi, karibu na Gisenyi, chini ya volkano. Jirani wa kwanza kutujia alikuwa mjane mmoja aliyekuwa akishuka Goma kuuza viazi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikuja na kifungu cha mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake.

“Kamata hii, mama,” alimwambia mama yangu. “Ya kula nitakuletea ingine. Hii usipike, ni mbegu.”

Yalikuwa mahindi mafupi, meupe, yenye punje nyekundu hapa na pale. Mama aliyapanda, akavuna, akachagua yaliyo mazuri na kuyatundika juu ya meko ili moshi uyakinge na fukusi. Hivyo ndivyo alivyofanya kila msimu. Baadaye ikaja miaka ya vurugu za mpakani, na kulikuwa na miezi ambayo hatukuthubutu hata kufika shambani, lakini tuliporudi, mbegu ilikuwa palepale juu ya meko.

Kisha kaka akarudi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshashuka mjini Gisenyi, nashona sokoni, na kwa mama napanda mlima Jumamosi tu. Kaka alikuwa amepata kazi kwenye mradi wa mbegu. Kule Karagwe tungemwita bwana shamba. Hapa walimwita agoronome, na alipopita na pikipiki yake watu walisimama kumpa mkono. Mama alimtazama kama mtu anayemtazama mume wake amefufuka.

Jumamosi moja alikaa jikoni, akasema, “Mama, nataka shamba lako liwe la mfano. Wakiona mama wa agoronome amepanda mbegu yetu, hakuna atakayesita.”

“Na haya yangu?” mama aliuliza, akionyesha juu ya meko.

“Hayo tuyaondoe. Yakiwa karibu, chavua yake itaingia kwenye mapya na kuyaharibu. Yapike tu.”

Mama alinigeukia. Nilimwambia, “Mama, kati yetu aliyesoma ni yeye.” Sitasahau kwamba ni mimi niliyetamka maneno hayo.

Aliyashusha, akayapukuchua mwenyewe, tukala kande siku kadhaa. Halafu akaenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani. Mjane alimsikiliza hadi mwisho, akasema, “Kama mutoto wako ndiye analeta, mi naamini.” Naye akapika yake.

Sitaki kuyasingizia yale mahindi mapya. Yalisimama wima, mashina manene, mengi yakiwa na mahindi mawilimawili, na ugonjwa wa majani uliokuwa ukitusumbua haukuyapata. Tulivuna tukakosa pa kuweka. Wajumbe wa mradi walikuja na kamera, mama akasimama katikati ya shamba na gauni nililomshonea kwa siku hiyo. Watoto wa mjane walinenepa. Kama kuna mtu angeniambia siku ile kwamba mbegu ya wataalamu ni hatari, ningemcheka.

Baada ya mavuno mama alifanya alichofanya siku zote. Alichagua mahindi makubwa kuliko yote, akayatundika. Kaka alifika wiki ileile. Aliingia jikoni, akainua macho, akayatazama kwa muda, kisha akaomba maji ya kunywa. Nilikuwepo. Nilidhani ana kiu.

Msimu uliofuata mradi haukuleta mbegu. Ofisi ilikuwa imefungwa, na kaka alisema tu kwamba mambo yatakaa sawa. Mama hakuwa na wasiwasi, alikuwa na yake. Aliwagawia majirani waliokuwa wamekula zao zote, wote wakapanda.

Yalitoka ya kila namna. Shina moja linapita paa, lililo kando yake linaishia gotini. Mengine yalichanua wakati mengine bado machanga, na ulipovua maganda ulikuta punje chache zimetawanyika kama meno ya kizee. Ugonjwa wa majani ulirudi. Mama aliona aibu hata kwenda kisimani.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kilimo alikuja kwangu kupunguziwa suruali, nikamsimulia. Hakushangaa hata kidogo.

“Hiyo ni chotara, binti. Mbegu mbili zimezalishwa pamoja. Mara ya kwanza inakupa kila kitu, ukiirudia inavurugika. Inanunuliwa upya kila msimu. Aliyewaletea hakuwaambia?”

Nilifunga cherehani, nikamtafuta kaka. Nilimkuta akifuta pikipiki.

“Ulijua?”

Hakuniuliza nazungumzia nini. “Tuliambiwa tusianze na hilo,” alisema. “Mkulima akisikia atanunua kila mwaka, hajaribu kabisa. Nilifikiri mradi utaendelea, dada. Nilifikiri nitakuwa naleta.”

“Ulimwona mama akiyatundika.”

“Nilimwona.”

“Ukaomba maji.”

Aliendelea kufuta mahali palipokuwa pameshang’aa.

Jumapili baada ya kanisa majirani walikusanyika uani kwa mama. Kaka alikuja, na nilipomwona niliamini amekuja kusema. Mjane ndiye aliyeuliza, bila ukali: “Mama, ile mbegu ilikuwa na nini?”

Mama alisimama. “Kosa ni langu,” alisema. “Niliyaanika vibaya, yakashika unyevu.” Akanyamaza kidogo. “Mwanangu alinionya, sikusikia.”

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameinamia viatu vyake, na hakuinua kichwa mpaka watu walipoondoka.

“Bon, sawa,” mjane alisema, akachukua mfuko wake. Tangu siku hiyo alimsalimia mama kwa neno moja.

Nilimuuliza mama kwa nini alijibebesha kosa. “Ni mwanangu,” alijibu. Baadaye, tukiosha vyombo, akaongeza: “Nilinyamaza pale katikati. Nilidhani atanikatiza.”

Kaka alipata kazi nyingine Kigali. Aliporudi kututembelea alikuwa ametoka kwenye semina, na alizungumza kama zamani. Alisema sasa huko ng’ambo wanaweza kuchukua chembe ya urithi ya kijidudu cha udongoni na kuiingiza ndani ya hindi lenyewe, funza wanaotoboa mashina wakila wanakufa, na mkulima hanyunyizi dawa. Mama alimwacha amalize.

“Funza wote watakufa?”

“Wengi. Wanasema wengine wanaweza kuzoea.”

“Na upepo ukipeleka chavua kwa jirani ambaye hakuyataka?”

“Ndilo wanalobishania.”

“Na mbegu yake nitaiweka?”

“Inategemea mwenye mbegu ataruhusu nini, Mama. Kwa kweli sijui.”

Mama alimpakulia viazi. Mimi nilitoka nje. Huenda mahindi hayo yangetusaidia kweli, sina elimu ya kuyakataa. Lakini kila kaka alipofungua mdomo nilikuwa namwona tena akiomba maji.

Mwishowe nilishindwa kulibeba jambo hilo. Siku moja mjane alipita sokoni akitoka Petite Barrière, pale mpakani, na mifuko mitupu, nikamwita aketi. Nilimweleza yote: chotara, mradi, kaka, uongo wa mama. Alisikiliza huku akipapasa kitambaa nilichokuwa nakata.

“Nilijua,” alisema.

“Ulijuaje?”

“Mama yako hajawahi kuanika kitu vibaya. Mi nilikuwa nangoja mutoto wake aseme.” Akainuka, akakunja mifuko yake chini ya kwapa. “Na we ulikuwa pale. Uliketi karibu na mulango. Nilikuangalia na we pia.”

Alinipa mkono, kwa adabu, akaondoka kuelekea stendi. Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama kwamba nimemweleza mjane yote. Alikasirika, hakuzungumza nami mpaka jioni. Lakini Jumapili, kabla ya kanisa, alivaa viatu na kwenda kwa mjane peke yake, akakaa huko mpaka mchana. Walichozungumza hajaniambia.