Sanduku la Kengele

Baba yangu alikuwa seremala mwaminifu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na alikuwa mtu wa kuchosha. Nayaandika yote mawili kwa sababu mazishini walilisema la kwanza tu.

Wateja walimwita Fundi Kesho. Ukienda kuulizia kitanda chako atakuambia kesho, na ukirudi hiyo kesho atakuambia vile vile, wala hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa kwamba kesho kitakwisha. Alitumia mkono wa kushoto, ndiyo maana kila sanduku lake kitasa kilisogea kushoto badala ya kukaa katikati. Ukimwambia, anasogea nyuma, anakitazama, anasema, "Mbona kiko sawa?"

Kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwetu hapakuwa na sanduku hata moja. Nguo za mama zilikaa kwenye makatoni ya sabuni miaka thelathini na miwili, na sisi sote tulikwenda shule tunanukia sabuni ambayo hatukuogea. Kila asubuhi mama alimpelekea chai karakana na kumuuliza, "Sanduku langu je?" Naye, bila kuinua uso kutoka kwenye randa, humjibu, "Kengele imeshalia. Haya, watoto waingie darasani." Jina likamganda mama. Kengele. Hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Kazi iliyosimama ni ya kuondoka. Kazi iliyopinduliwa, miguu juu, haiguswi. Masanduku karibu yote aliyachukua mtu mmoja mwenye pikapu, akayapeleka milimani kwenye maduka ya vitu vya kale, huko ambako watu wa mjini huenda kupumzika. Kilichowagombanisha ni penseli. Baba aliandika mwezi na mwaka ndani ya kila sanduku, chini kabisa.

"Fundi, usiandike mwaka," Mtu wa Pikapu alimsihi siku moja nikiwepo. "Au andika wa enzi za babu yako."

"Babu yangu hakuwa seremala," baba akasema. "Alikuwa mwizi wa mbuzi. Nimwongezee na uongo?"

Alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa karakana. Mtu wa Pikapu alituma ujumbe kwamba anakuja kuchukua mzigo. Nikaamka mapema, nikajifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, nikafagia, nikafuta, nikapanga kila kitu kikasimama vizuri. Napenda usafi. Zamani nilidhani hiyo ni sifa. Alipokuja, kitambaa kikiwa bado usoni kwangu, akabeba vyote, akalipa, akaondoka, na wiki mbili baadaye baba akafariki.

Mama hakulia sana mbele yetu. Ila siku tulipokwenda kufunga karakana alizunguka akitazama chini ya kila meza, kisha akasema, "Miaka thelathini na miwili, na hata kibao cha kukalia hakuniachia." Kengele ilikuwa imenyamaza, na ukimya wake ulinitesa kuliko kilio.

Dada yangu mkubwa anaamini kwamba huzuni ni kama mafua, ikipata hewa safi inapona. Miezi mitatu baada ya mazishi akatupakia kwenye gari, mama na mimi, akatupeleka milimani. Nilikubali haraka hata akanishuku. Sikumwambia kwamba sikufuata hewa. Nilitaka sanduku moja tu la baba, hata bovu, nimrudishie mama.

Basi tukaanza maduka. Mtaa wenyewe ni wa mawe, unapanda na kuteleza, na ukungu unaingia mpaka kwenye mikono ya sweta. Duka la kwanza lilikuwa la vikapu, na kila kikapu kina kibandiko: USIGUSE. Sasa mtu ananunuaje kikapu bila kukigusa? La pili lilikuwa la kutu. Pasi za mkaa, taa zisizo na vioo, bawaba za milango ambayo haipo tena. Dada akashika moyo.

"Ona pasi hii! Ona ilivyo!"

"Dada, pasi kama hiyo tuliitupa jalalani."

"Ndiyo maana hatuna urithi," akasema, akainunua.

Katika duka la tatu niliona masanduku mawili, vitasa vyote katikati. Nikafunua vifuniko hata hivyo na kuchungulia chini, mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo. Mama hakuingia popote. Kila duka alitafuta pa kukaa nje, akatoa kitabu chake cha sala.

"Mama, ingia basi, upashe mwili joto," dada alimbembeleza.

"Vitu vikuukuu? Niliolewa na kimoja, nimeshakizika. Niacheni."

Duka la nne nilisikia sauti kabla sijaona kitu. Nilijua sauti ile. Mtu wa Pikapu, sasa amevaa miwani yenye kamba shingoni kama mwalimu mkuu, alikuwa akiwaeleza mume na mke waliokuja likizo. Katikati yao lilikuwa sanduku la mti mwekundu. Kitasa kilikuwa kushoto.

"Zamani, kabla ya babu zetu," anasema, "mji huu ulikuwa na kengele moja. Vita, moto, wanaigonga. Kazi ikiisha inarudi humu. Msinisadiki mimi, someni wenyewe." Akafunua kifuniko. "La Kengele. Lisiuzwe."

Mume akacheka. "Limeandikwa lisiuzwe, mbona unaliuza?"

"Aliyekataza alishakufa."

Hapo alisema kweli, na hakujua.

Nikasogea nikachungulia. Maandishi ya penseli, yameinama kushoto kama nyasi baada ya mvua. Chini yake mti ulikuwa mweupe, mahali mwaka uliposuguliwa kwa msasa. Ndipo nikakumbuka asubuhi ile ya kufagia. Sanduku jekundu kwenye kona, miguu juu. Nilikuwa nimelisimamisha ili nifute vumbi. Seremala alinilea miaka ishirini na mitano, sheria ikiwa moja tu, nami nikaisahau.

"Hili si la kale," nikasema. "Lina miezi minne."

"Dada, usiniharibie wateja," Mtu wa Pikapu akasema kwa upole wa kibiashara.

"Na Kengele haikuwahi kukaa humu. Kengele yuko nje, amekaa kwenye ngazi yako."

Aliniangalia kana kwamba mimi ni mgonjwa. Mke wa yule bwana akarudi nyuma hatua moja. Nikatoka, nikamshika mama mkono, nikamwambia tu, "Njoo usome." Alinung'unika mpaka mlangoni. Aliinama juu ya sanduku, akasogeza kitabu cha sala kwapani, akasoma. Dada akaja nyuma yake na pasi mkononi.

"Kengele ni nani?" yule mke akauliza taratibu.

"Ni mimi," mama akasema. "Na huyu mjinga alikuwa mume wangu."

Mtu wa Pikapu akavua miwani. Sasa alinijua. Alianza kusema kwamba alilipa, na ni kweli alilipa, nami nikakubali mbele ya wote kwamba nilipokea na kwamba kosa la kulisimamisha lilikuwa langu. Mama akageuka akanitazama. Nilingoja anigombeze. Akaligeukia tena sanduku, na hilo nitalibeba.

Yule mke ndiye aliyemaliza. Alimvuta mumewe mkono. "Twende. Siweki mablanketi yangu ndani ya jina la mama wa watu."

Walipotoka, Mtu wa Pikapu akatuachia sanduku kwa kile alicholipa karakana, akaomba jambo moja tu, kwamba habari hii isifike mtaani.

"Mimi sisemi," mama akamjibu. "Mungu ameshasikia, inatosha."

Tulilifunga nyuma ya gari. Njia nzima ya kuteremka mama alikuwa amegeuza shingo, akilikagua kwa hasira.

"Kitasa kiko kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Ndani hakupiga msasa. Soksi zitanasa. Na kifuniko kizito, huyu alidhani mimi ni bondia?" Akageuza shingo zaidi. "Thelathini na miwili. Si angesema tu kwamba ameshaanza?"

Dada akasema labda alitaka kumshangaza. Mama akasema wa kushangazwa ni yeye huko aliko, siku watakapokutana, maana ana maneno ya kumwambia na safari hii hakuna randa ya kujifichia.

Tulilibeba mimi na dada mpaka chumbani kwa mama. Nikaanza kutoa nguo kwenye makatoni nizipange ndani. Mama akanipiga kibao mkononi.

"Wewe usiguse. Umeshapanga vya kutosha."

Akalipindua mwenyewe, miguu juu, karibu na kitanda. Wiki ya saba hii. Nguo bado ziko kwenye makatoni ya sabuni, na asubuhi akimaliza sala anaweka kikombe chake cha chai juu ya kile kitako kilichopinduliwa. Nikimuuliza lini tutaweka nguo, ananiambia kesho.