Jogoo wa Mbegu

Mama yangu hakuwa na ugomvi na kuku wangu mpaka aliposikia wakwe wanakuja.

Kabla ya hapo aliwavumilia. Nilikuwa nimerudi Nyegina baada ya kumaliza chuo kikuu, nikapata kazi ya kusimamia duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma, na jioni na Jumapili nikawa najenga banda nyuma ya jiko. Humo nilifuga Brahma, kuku wa mapambo, wakubwa na wazito, wenye manyoya yanayoshuka miguuni mpaka kwenye vidole kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Majirani walipita kuwatazama wakitoka misa. Jirani mmoja aliuliza wanatagaga mara ngapi. Nilimjibu ukweli, kwamba wanataga kidogo na wanakula sana. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayehesabu ada iliyopotea kwa kunisomesha.

Swali lake lilikuwa halali, na nilikuwa nimejiuliza mwenyewe. Jibu langu lilianzia kwa wauzaji. Nilipoanza kununua, kila muuzaji aliniambia kuku wake ni pyua. Mmoja mjini Musoma nilimbana.

"Pyua maana yake nini?"

"Hajachanganywa."

"Na nini?"

"Na wengine."

"Umejuaje?"

"Aliyeniuzia aliniambia."

Nilimwuliza aliyemuuzia naye aliambiwa na nani, akanishauri nikanunue samaki, samaki hawana maswali. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo haikuniisha. Nilitaka nipate kuku mmoja tu ambaye nikisema ni mzuri naweza kueleza uzuri wake uko wapi, na nikisema atazaa wazuri, isiwe habari ya kuambiwa.

Kwa hiyo nikajifunza kukagua. Nilikuwa nawashika asubuhi kabla hawajala, mmoja mmoja. Kwanza mgongo, uwe mpana na usianguke kuelekea mkiani. Kisha upanga wa kichwani, ambao kwa Brahma unatakiwa uwe mfupi, umelala, wenye mistari mitatu. Kisha kifua, nikikipapasa kwa kiganja kwa sababu manyoya hudanganya. Mwisho miguu. Na shida yangu yote ilikuwa miguuni.

Mitetea wangu nilikuwa nimewanunua Butiama, kwa mzee mmoja mstaafu ambaye hakutumia neno pyua hata mara moja, na ndiyo maana niliwanunua. Walikuwa na migongo mizuri. Lakini vifaranga waliowazaa na jogoo wangu wa zamani wote walikuwa na kidole cha kati kitupu. Brahma aliyekamilika manyoya yanafunika kidole cha nje na cha kati pia. Wa kwangu walionekana kama wamevaa soksi iliyotoboka. Nikawa nawachagua, nawatoa, nazalisha tena, na bado kidole kile kinatoka kitupu. Kila nilipomkagua kijogoo aliyekua na kukuta hivyo, nilimwachia chini na kusema kwa sauti, "Huyu hafai." Mama alikuwa jikoni anasikia. Majirani walisikia. Watoto wanaopita kwenda shule walianza kuambiana hafai wakigombana.

Kisha nikanunua mayai kwa mfugaji mwingine mjini, nikamwatamishia kuku wetu wa kienyeji, na katika wale waliototolewa akatoka jogoo mmoja. Sijui nimweleze vipi bila kuonekana nampenda. Mgongo ulikuwa kama meza. Upanga umelala vizuri. Na miguu, manyoya yalifunika kidole cha nje, yakafunika na cha kati, mpaka kwenye kucha. Mvua zilipoanza na udongo wetu mweusi ukageuka gundi, nilimwekea maranda makavu ya mbao sakafuni na kumwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Mama alipita na ndoo, akasimama.

"Baba, mimi nilikuwa nakuosha miguu hivyohivyo. Ulikuwa unalia. Huyu mbona ametulia?"

Jogoo wa zamani tulimla Pasaka. Huyu mpya nilimweka na mitetea wa Butiama, na nikaanza kusubiri mayai yenye mbegu yake.

Ndipo habari ya wakwe ikafika. Dada yangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Manyamanyama, Bunda, na baba wa kijana angekuja Jumamosi na ndugu zake kuzungumza habari ya ng'ombe. Kwetu mgeni wa namna hiyo hapikiwi tu kuku. Anaonyeshwa jogoo akiwa hai, aone kwamba hamkumchagulia mnyonge, halafu ndipo kijana wa nyumba anachinja. Kijana wa nyumba ni mimi.

Nilikuwa na majogoo wengine wawili bandani, ndugu wa wale wa soksi zilizotoboka, wanene kweli. Nilimwambia Mama achague mmoja wao.

"Hao umewakataa," akasema.

"Nimewakataa kwa kuzalisha, siyo kwa kula."

"Umewakataa mbele ya kijiji kizima. Kila siku hafai, hafai. Leo mkwe wangu akae hapa ale hafai? Na akiulizwa kule Bunda alichinjiwa nini?"

"Hatajua."

"Watoto wa shule wanajua."

Nikajaribu kumwonyesha tunachokifanya miaka yote. Kila anapokuja mgeni tunachinja jogoo bora kuliko wote, na anayebaki kupanda majike ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Halafu tunashangaa kuku wetu wanazidi kuwa wadogo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akichambua mchele.

"Bibi yako alichinjia wageni maisha yake yote," akasema. "Kuku walikuwepo."

"Wakubwa kama zamani?"

"Walikuwepo." Akapepeta. "Jumamosi asubuhi umkamate."

Jumamosi nilimkamata. Nilikuwa nimeamua kwamba sitamchinja, lakini sikuwa nimejua nitasema nini. Nilimbeba jogoo mkono mmoja, na mkono wa pili nikabeba mmoja wa wale wawili, nikawapeleka wote mbele ya wageni waliokuwa wamekaa kwenye viti sebuleni. Mama aliniona kwa mlango wa jiko. Uso wake niliuelewa vizuri.

Baba wa kijana alikuwa mwanamume mrefu, mfugaji, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua alipoingia ndani. Nilimsalimia, nikainama kidogo, nikaanza kabla sijaogopa.

"Mzee, naomba nikuulize kitu. Katika ng'ombe wako, yuko dume la mbegu?"

"Yuko."

"Mimi nikija kwako leo, utanichinjia?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu kijana ameleta kesi."

"Siwezi," mzee akasema. "Nitakuchinjia maksai. Utakula na utashiba."

"Basi huyu ndiye dume la mbegu." Nikamwinua jogoo. "Na huyu wa pili ndiye maksai. Nyama ni ileile. Sitaki kukuficha, huyu wa pili mimi nimemkataa kwa sababu ya kidole kitupu cha mguu. Ukisema nimchinje dume la mbegu, nitamchinja, wewe ni mgeni wetu. Lakini nitaanza upya."

Dada yangu, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, aliinamisha zaidi. Mzee alinyoosha mikono, nikampa jogoo. Alimpima uzito, akampapasa kifua, akapanua bawa, akashika mguu na kugeuza manyoya upande mmoja na wa pili. Alifanya yote kama mtu anayekagua ndama mnadani.

"Amejaa," akasema. "Watoto wake wako wapi?"

"Bado."

"Bado?"

"Amewekwa na majike juzijuzi, mzee."

"Kumbe hujui kitu." Hakusema kwa ubaya. "Dume zuri nimewahi kununua. Pembe, shingo, kila kitu. Ndama wake walikuwa wanazaliwa magoti hayanyooki. Wewe msomi unaniambia dume la mbegu, na mbegu hujaiona." Akanirudishia jogoo. "Chinja maksai. Huyu mwache aonyeshe watoto. Wakiwa wabaya, utaniletea mwenyewe Manyamanyama, nimle."

Mama alipumua, nilimsikia kutoka pale. Tulikula, tukasali, wakazungumza ng'ombe. Wakati wa kuaga, Mama alimsindikiza mkwe wake mpaka kwenye gari akiomba radhi kwa niaba yangu, na nilimsikia mzee akimjibu kwamba maksai alikuwa na mafuta.

Maneno ya mzee kuhusu mbegu yalinikaa vibaya kwa sababu yalikuwa yangu. Mimi niliyembana muuzaji kwa kuamini alichoambiwa, nilikuwa nimeamini nilichokiona. Nikakaa chini kupanga jaribio ambalo halitaniacha na pa kujificha. Mitetea walikuwa walewale wa Butiama, ambao vifaranga wao na jogoo wa zamani walikuwa na vidole vitupu lakini vilivyonyooka. Niliwatenga na jogoo wote wengine. Mayai yao nikamwekea kuku yuleyule wa kienyeji, na pamoja nayo nikachanganya mayai ya kuku wa jirani, niliyoyatia alama kwa penseli. Vifaranga wote wangekua chini ya mama mmoja, juu ya maranda yaleyale, wakila chakula kilekile.

Walitoka wazuri. Wa jogoo wangu walikuwa na manyoya mpaka kidole cha kati, karibu wote. Nilimwita Mama aje aone, nikampigia dada yangu simu. Kwa siku kadhaa nilikuwa mtu asiyevumilika.

Kisha nikaona mmoja anakanyaga vibaya. Kidole cha kati kilipinda kuelekea ndani, kama mtu anayeficha kidole gumba. Nikasema ameumia. Baada ya siku chache akapinda wa pili, na wa tatu. Nikabadilisha maranda. Nikaongeza dagaa kwenye chakula. Nikainua sakafu isiteleze. Na kila nilipofanya hivyo niliwatazama wale wa jirani, waliokuwa wanakimbia juu ya sakafu ileile, na vidole vyao vilinyooka kama misumari. Mitetea walikuwa walewale wa Butiama, ambao hawakuwahi kuzaa kitu hicho. Kilichobadilika kilikuwa kimoja, na kilikuwa kinawika nje ya dirisha langu.

Nilirudia. Nilitaka sana niwe nimekosea. Wa mara ya pili walipinda vilevile.

Mfugaji mwingine angewauza wale walionyooka na kunyamaza. Wateja nilikuwa nao, waliomwona jogoo na kuulizia vifaranga, na wote wangemwona baba na kusema pyua. Nilimtoa jogoo kwa mitetea siku hiyohiyo. Nikatafuta boksi lenye matundu.

Mama alinikuta namfunga miguu.

"Unakwenda naye wapi?"

"Manyamanyama. Mzee alisema nimpelekee."

"Akiwa mbaya."

"Ni mbaya."

Akakaa kwenye kigoda. "Yaani baba, siku ile ulitaka kunivunjia ndoa ya mtoto kwa ajili yake. Leo umemkataa, ndio unampelekea mkwe?"

"Ndiyo."

"Nitasema nini mimi?"

"Mwambie alikuwa anatudai jogoo huyu."

Mzee nilimkuta uani kwake, anatengeneza kamba ya ndama. Niliweka boksi chini na kumtoa jogoo. Alikuwa bado mzuri. Safari haikumharibia hata unyoya. Mzee alimshika mguu, akatenganisha manyoya, akapitisha kidole chake juu ya kile cha kati.

"Mbona kimenyooka?"

"Chake kimenyooka. Cha watoto kimepinda."

"Wote?"

"Wengi. Wa mara ya kwanza na wa mara ya pili."

"Si sakafu?"

"Nilifikiri hivyo. Walikuwepo wa jirani, sakafu hiyohiyo. Hawakupinda."

Aliuachia mguu wa jogoo. "Lile dume langu nilikaa nalo mpaka likazaa ndama wa mwaka wa pili pia," akasema. "Nilikuwa nalipenda pembe." Akaita kisu.

Kwake mimi ndiye nilikuwa mgeni, kwa hiyo firigisi niliwekewa mimi. Nilikula. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, ya kuku aliyetunzwa muda mrefu. Mzee aliuliza nimebaki na nini, nikamwambia: kijike mmoja, binti wa huyu, mwenye manyoya mpaka kwenye kucha na vidole vilivyonyooka mpaka leo, ambaye simwamini. Na wale mitetea wa Butiama. Na yule maksai aliyebaki.

"Mwenye kidole kitupu."

"Kitupu, lakini kimenyooka. Na wadogo zake wote walinyooka. Manyoya naweza kuyarudisha taratibu, kwa kuchagua. Kilichopinda sijui nakitoaje."

"Itachukua miaka."

"Najua."

Nilirudi Nyegina na boksi tupu. Kabla jua halijazama niliingia bandani, nikamshika yule jogoo niliyemkataa, nikamkagua upya kuanzia mgongoni, na miguuni nikapitisha kidole gumba juu ya kila kidole chake, mguu wa kulia na wa kushoto. Kisha nikamfungulia mlango wa mitetea. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wa pumba.

"Huyo si ulisema hafai?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa tutaona watoto wake."

Akamwaga pumba, akawatazama wanavyokusanyika. "Wakwe wanarudi mwezi ujao na ng'ombe," akasema. "Kama na huyu naye amekuwa dume la mbegu, watakula nini?"

"Sato wa ziwani," nikasema. "Nitawaonyesha akiwa hai."