Eda ya Dume

Nilipomwita daktari wa mifugo amhasi sungura wangu dume, mtaa mzima wa Wawi ulinicheka. Nilikuwa nao wawili, dume na jike, wachanga bado, na sikutaka wajaze nyumba watoto. Daktari aliniambia dume akihasiwa bado aweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, basi niwatenge. Dume nikamweka uani, jike akabaki jikoni. Kila asubuhi nikawabadilishia majani ya kulalia, ya huyu kwa yule, wasije wakasahau harufu zao.

Shangazi yangu, niliyerudi kwake baada ya kuachwa, alishindwa kunyamaza.

"Sungura nao wamekalishwa eda!"

"Dume tu, shangazi. Jike yupo kwake."

Akasema sina haya. Haya nilikuwa nimeiacha katika chumba kile kile nilimokalia eda yangu, nikingoja mwanamume aamue kunirejea au kuniacha moja kwa moja.

Wiki zilipokwisha niliwakutanisha chumbani humo, maana hakuna kati yao aliyepazoea. Jike alimrukia dume, manyoya yakapeperuka. Shangazi, mlangoni, akasema, "Si nilikwambia!" Nikakaa chini karibu nao, wala sikuinuka. Alasiri dume alilala chini, akainamisha kichwa. Jike akamzunguka, akamnusa, akajipa muda wake, kisha akamlamba kipaji cha uso.

"Haya," shangazi akasema, "mume kamrejea mkewe."

"Hapana, shangazi. Tazama vizuri. Mke ndiye aliyemrejea mume."