Maji Aliyoyatema Doto

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, pacha hakuvuka maji hivi hivi. Awe anakwenda hospitali, awe anakwenda kuoa, akifika ziwani ilikuwa lazima achote maji, ajaze mdomo, ayateme juu ya maji yale yale na kusema kwa sauti kwamba yeye ni pacha, apishwe yeye na wote anaosafiri nao. Asipofanya hivyo, tuliambiwa, ziwa huchukua mtu. Si lazima limzamishe. Laweza kumziba mmoja masikio akawa hasikii, au kumpotezea mwingine huko aendako asirudi tena kwao.

Mjuzi wa mambo haya alikuwa bibi yangu mzaa mama. Mapacha wakizaliwa, mtu wa kwanza kuitwa ni yeye. Akisema jambo limefanyika sawasawa, watu walikwenda kulala. Akisema bado, walianza upya hata kama mvua inanyesha. Natanguliza hilo ili ijulikane neno la Bibi lilikuwa na uzito gani siku alipoulizwa swali moja tu.

Kijiji chetu kilikuwa na timu ya mpira. Watu wa mjini Mwanza walituita Ng'ambo kwa kutudharau, nasi tukalichukua jina hilo na kulifanya la klabu. Uwanja wetu ulikuwa malisho, una mteremko, na ng'ombe hawakuwa na habari kwamba kuna mechi. Wachezaji walikuwa wakulima wa pamba. Walilima shamba la pamoja baada ya kulima ya kwao, wakanunua mpira wa kufunga kwa kamba na viatu ambavyo havikutosha wote, kwa hiyo beki akitoka alimvulia mwenzake anayeingia.

Tulicheza ligi ya mjini, daraja la pili. Lakini wakubwa wa ligi walikataa kuvuka maji kuja kwetu, wakasema uwanja wetu haufai. Basi kila mechi tuliicheza Mwanza, hata ile iliyoandikwa kwamba tuko nyumbani. Pantoni ikiharibika, tumepoteza pointi. Lori la pamba tulilodandia kutoka Kigongo, gati ya upande wa Mwanza, likipata pancha, tumepoteza pointi. Siku moja vijana walifika wakiwa tayari wamevaa jezi ndani ya lori, wakakuta mwamuzi keshapuliza filimbi, keshawapa wenzao ushindi, yuko kivulini anakunywa chai. Wakarudi na jezi safi.

Pamoja na hayo yote, mwaka ule uliotangulia Uhuru, Ng'ambo walibakiza mechi moja tu kupanda daraja. Sare ilitutosha. Tungecheza na klabu ya mjini iliyofadhiliwa na tajiri mmoja mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambayo ilikuwa lazima itufunge ili ipande yenyewe. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa akisema kila jioni baada ya mazoezi, "Vijana, Uhuru ukija utukute daraja la kwanza!" Nasi watoto tulipiga makofi tukidhani hayo mambo mawili yanaletwa na mtu mmoja.

Golikipa alikuwa kaka yangu Doto. Alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyefariki. Pacha wake, Kulwa, alifariki akiwa bado ananyonya, na Bibi ndiye aliyemlea Doto tangu hapo. Doto alikuwa mpole, mrefu, mwenye mikono ya kuchekesha kwa ukubwa. Nahodha alikuwa Mjomba Masanja, kitinda mimba wa Bibi, aliyecheza kati nyuma. Huyu alipendwa na kila mtu, nami nikiwa mbele. Akirudi mnadani hakukosa kunifungia kipande cha sukari guru kwenye leso. Nilikuwa nikimsikia tu akipiga mluzi njiani, nishafika.

Siku ya mechi kijiji karibu chote kiliondoka kabla jua halijachomoza. Mimi nilikwenda kwa sababu Bibi alikwenda, na Bibi alikwenda kwa sababu ya maji. Pantoni ilipoanza kuvuka, wachezaji walikaa mbele wakiimba. Mwalimu aliwahi kutangaza kwamba klabu inayopanda daraja haina haja na mambo ya kutematema, na vijana walikuwa wakimtania Doto kwa hilo. Doto aliona haya. Akaja taratibu nyuma tulikokuwa sisi, akijifanya anatazama samaki.

Bibi alitoa kibuyu kidogo chini ya kanga yake, kimefungwa kamba. "Minza," akaniambia, "simama hapa utuzibe."

Nikasimama. Bibi akakitumbukiza kibuyu, akakivuta, akampa. Doto akajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba, nikataka kucheka. Akayatema mbali, kwa nguvu, yakatawanyika juu ya ziwa. Akasema, kwa sauti ya chini lakini nilimsikia vizuri, "Mimi pacha. Nipishe, na hawa wenzangu uwapishe."

Maji mengine yalimtiririka kidevuni. Bibi akachukua upindo wa kanga, akamfuta kama anamfuta mtoto aliyemaliza uji. "Nenda kadake, ng'wanawane," akamwambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma. "Limekusikia."

Mjomba Masanja akatujia. "Mama, keshatema?"

"Keshatema."

"Haya basi," akasema, akanifinya shavu. Akarudi mbele kuimba.

Mechi yenyewe niliitazama nikiwa nyuma ya goli letu, pamoja na Bibi, nikitafuna muwa. Sijui sana mpira mpaka leo, lakini hata mtu asiyejua angeona kwamba Doto siku ile alikuwa hapitiki. Watu wa mjini walipiga kushoto, kulia, juu, chini, yeye yupo. Wenyeji wenyewe walianza kumshangilia. Muda ukawa unayoyoma, hakuna aliyefunga, na Mwalimu alishaanza kuvua kofia na kuivaa tena asijue aifanyeje.

Ndipo mpira mmoja wa ovyo ulipopigwa juu kutoka mbali. Hakuna adui aliyekuwa karibu nao. Doto akatoka mikono juu, akapaza sauti: "Wangu! Mjomba, wangu huo, acha!"

Mimi nilimsikia. Bibi alimsikia. Mwuza miwa upande wa pili wa uwanja nadhani alimsikia. Mjomba Masanja aliinua mikono yote miwili, akaudaka ule mpira, akaukumbatia kifuani kama mtu anayepokea kichanga.

Kisha filimbi. Ikapigwa penalti, Doto akaruka upande ule ule ulikokwenda mpira, akaugusa kwa ncha za vidole, ukaingia. Hatukupata muda wa kurudisha. Mjomba alikaa chini akashika kichwa, nami nikalia kwa sababu yeye alikuwa analia.

Tulilala Pasiansi, hapo hapo Mwanza, kwa ndugu zetu, kwa kuwa tulishachelewa pantoni ya mwisho. Asubuhi tukawa Kigongo tunangoja kuvuka. Watu walikuwa na hasira, na wengine walishaanza kumtazama Mjomba kwa jicho baya. Mmoja alikuwa na fimbo ya kuchungia na alikuwa akiipigapiga kwenye kiganja. Hapo Mjomba akasimama juu ya jiwe.

"Wenzangu," akasema, "mimi jana sikusikia kitu. Masikio yaliziba kabisa, kama nimezama majini. Hivi Doto, ulitema maji?"

Ningependa kusema kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Nilidhani Mjomba amesahau tu, na kwamba atakumbushwa, na mambo yatakwisha.

"Nilitema," Doto akasema. "Bibi shahidi. Na wewe Mjomba uliuliza."

"Mimi niliuliza kama utatema," Mjomba akasema. "Mama, ulimwona?"

Watu wote wakamgeukia Bibi. Alimtazama Masanja kwa muda mrefu, kisha akaitazama ile fimbo. Doto alikuwa ametulia kabisa, hana wasiwasi, anangoja tu Bibi aseme.

"Sikuona," Bibi akasema.

Nikapiga kelele, "Bibi! Si ulimfuta kidevu!" Akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma. Mtu mmoja akacheka akasema mtoto huyu anampenda sana kaka yake. Mwalimu, yule yule aliyekuwa akipinga mambo ya kutematema, alikohoa, akasema labda si vizuri kuvuka na mtu ambaye ziwa lina kesi naye. Alisema hivyo kwa upole, kwa Kiswahili safi cha shuleni, na hilo mpaka leo linanichoma.

Pantoni ilipofika, wakamwambia Doto asubiri. Avuke baadaye, peke yake, yakishatulia. Hakubisha wala hakumtukana mtu. Alimtazama Bibi tu, naye Bibi alikuwa anafunga kanga yake ambayo haikuwa imefunguka. Tukaondoka, tukamwacha amesimama Kigongo, glavu zake za kushonwa na fundi wa kijijini ziko mkononi, mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine wa pale gatini.

Hakuvuka tena. Nani angevuka kwenda kwa watu waliokwishaamua hivyo? Alituma salamu mara moja kwa mvuvi mmoja, Bibi akazipokea bila kujibu.

Mjomba naye hakukaa. Pamba ya msimu ule ilikuwa bado shambani alipofunga sanduku akaenda Mwanza. Uhuru ulipofika alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha yule tajiri, na jioni alichezea klabu ile ile iliyotufunga, daraja la kwanza, viatu vipya. Kijijini watu walijua kuhesabu moja na moja, msidhani hawakujua. Lakini ile habari ya maji ilishasemwa na Bibi, na ilikuwa rahisi kukaa nayo kuliko kukiri kwamba kijana wetu tuliyemwimba alituuza. Klabu haikupeleka tena timu mjini. Ng'ombe walirudishiwa uwanja wao.

Nilimwuliza Bibi mara moja tu, nikiwa tayari msichana mkubwa. Alikuwa anakoroga chai kwa sukari aliyotumiwa na Mjomba.

"Wangemuua," akasema. "Uliiona ile fimbo. Doto ni kijana wa subira, popote ataishi. Masanja wangemuua, na ni mimi niliyemzaa."

"Na Doto umemlea."

"Kunywa chai."

Sikuinywa. Tangu siku ile sikuonja tena sukari ya Mjomba, na nakiri ulikuwa ushindi mdogo sana.

Bibi alipofariki mimi nilikuwa mwalimu, naishi Kiseke, mjini Mwanza. Nilikwenda Pasiansi kwenye jengo moja alikokuwa Doto akijenga ukuta. Alikuwa fundi mwashi, nywele zimeanza mvi. Nilimwamkia, nikampa habari. Aliweka mwiko chini, akanawa, akavaa shati lake, tukaondoka kwenda Kigongo.

Pale gatini, mbele ya abiria wote, wachuuzi, na vijana waliotutumbulia macho, Doto aliinama, akachota maji kwa mikono ile mikubwa, akajaza mdomo. Akayatema. Akasema maneno yake kwa sauti kubwa, sauti ile ile ya uwanjani. Kidevu kikabaki kimelowa, akakiacha hivyo hivyo. Kisha akanigeukia.

"Minza, umeona?"

"Nimeona, kaka."

"Usije ukasahau ukifika ng'ambo."

Msibani tulimkuta Mjomba amekaa kati ya wazee, suti ya kijivu, analia kweli. Mzee mmoja akauliza, kama ilivyo desturi, iwapo Doto amevuka salama, maana yake iwapo ametema. Mjomba akanitazama haraka.

"Ametema," nikasema, nimesimama, kila mtu asikie. "Na ile siku ya mechi alitema pia. Mjomba aliuliza akajibiwa. Mimi nilikuwepo."

Mjomba akainamisha kichwa. Mzee yule akasogea kwenye mkeka, akampa Doto nafasi. Ulikuwa mkeka tu, na ulikuwa umechelewa miaka mingi, lakini alikaa.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya mapacha na maji. Ziwa sina ugomvi nalo. Liliombwa lipishe, likapisha. Kwenda na kurudi hakuna aliyezama. Kumsamehe Mjomba nimejaribu, na kuna siku naona naweza, kwa kuwa mtu aliyekuuza unaweza kumkasirikia ukamaliza. Kwa Bibi sijui nifanyeje. Nilimpenda sana, na bado nampenda, na naielewa ile fimbo. Lakini mimi ndiye niliyesimama pale kuwaziba, na nilimwona akichukua upindo wa kanga yake akamfuta kidevu.