Issa Mwana wa Nani

"Karolina si mama wa mume wangu, kaka! Ukilipeleka jina hilo kaburini, umemwita mtu mwingine."

"Miaka thelathini wewe mwenyewe unatuambia ni mama yake!" Abdullatif alimsogezea dada yake simu. "Na ndugu zake wa Uingereza wameandika hivyo hivyo. Soma."

"Mngenipeleka shule ningesoma."

Abdullatif akairudisha simu mkononi. Uani, wanaume wa Mlingotini walikuwa wanamaliza kumwosha mume wa dada yake Mwaija, Mzungu aliyewatengenezea pampu za visima hadi Kerege. Atazikwa baada ya alasiri, na Maalim Bwanausi atamsomea talkini kaburini, amfundishe kuwajibu malaika, amwite kwa jina lake na la mama yake. La baba halitajwi hapo. Mwaija haendi makaburini. Wanawake hawafuati jeneza. Jina la mama lazima libebwe na kaka.

Na kaka hamwamini. Ataamini vipi? Mwaija alikuwa muuza vitumbua pale Kerege, na watu walinunua ili wasikie uongo wake. Alipoolewa akapata mtaji mpya. Alisimulia kuwa mumewe ni wa ukoo wa mamwinyi wa Uingereza: kweli. Kwamba baba, babu na babu wa babu wote ni Edwadi, hata wakitajwa sharti wahesabiwe, wa tatu, wa nne, na mumewe ni wa saba: kweli tupu. Kisha akatia chumvi. Bibi Karolina, mama wa Edwadi wa saba, ana nyumba ya vyumba mia tatu, akitaka kwenda chooni hupanda farasi! Watu walicheka, naye mumewe akicheka nao, halafu akichukua spana zake akienda kisimani peke yake.

"Karolina hakuzaa," Mwaija alisema, sauti chini. "Na ukoo ulikuwa unamsubiri Edwadi. Aliyemzaa ni mpishi wao, Neli. Mtoto alipotimiza arubaini wakamchukua, wakamwandikisha kuwa wa Karolina, Neli akafukuzwa. Mume wangu alikuja kuambiwa akiwa mtu mzima, na Neli kashakufa."

"Mbona hukusema?"

"Aliniapisha. Unadhani vile vyumba mia tatu nilivijenga kwa nini? Ili mtu asije akauliza jikoni kuna nani."

Abdullatif alikaa mkekani, kichwa mikononi. "Huku ni kumvua nguo marehemu, Mwaija. Siku ya maziko yake! Afadhali tuseme mwana wa Hawa, kama asiyejulikana mama."

"Anaye mama."

"Na wewe ndiye uliyemwona simba Saadani akishona nyavu."

"Simba nilimzua. Neli sikumzua." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Siku aliposilimu ulikuwepo. Alipewa majina matatu achague: Idrisa, Yusufu, Issa. Akachukua lipi, hata chai haijapoa?"

Abdullatif akainua kichwa. Alikumbuka. Hata Maalim alishangaa siku ile jinsi Mzungu alivyolidaka jina la mtume asiyekuwa na baba, anayeitwa kwa mama yake, Mariamu.

"Maisha yake yote kaitwa jina la watu saba," Mwaija alisema. "Leo malaika wanamjia, yuko peke yake mle ndani. Nakuomba, kaka, aitwe kama alivyozaliwa. Mara moja tu. Mimi sitakuwepo kusi..."

"Hodi!"

Maalim Bwanausi alikuwa ameshavua viatu mlangoni. Mwaija, mjane wa tangu alfajiri, akavuta kanga usoni akapita nyuma ya pazia. Hakuwa na la kufanya tena ila kusikiliza.

"Tumemaliza, Bwana Abdullatif. Marehemu ni Issa mwana wa nani?"

 Kisha Mwaija akasikia simu ikitumbukizwa mfukoni mwa kanzu.

"Neli," alisema kaka yake. "Issa mwana wa Neli."