Pumzi ya Kyakimwa

Jirani yangu wa Vulamba, fundi wa studio, haamini programu yoyote ya kusafisha sauti mpaka ausikilize wimbo kwenye simu iliyo mfukoni mwa koti lake, maana ndivyo wenye pikipiki wanavyosikiliza huku. Hufumba macho, kidole kikigonga goti taratibu. Juzi alimchezea mama mmoja wimbo wa bintiye, mwimbaji wa kwaya aliyezikwa Luofu mwezi uliopita. Programu mpya ilikuwa imefuta kila kelele.

“Ule hapana Kyakimwa,” mama akasema. “Yeye alikuwa anavuta pumzi mbele ya kuimba.”

Fundi akaizima programu. Akaurudisha wimbo mwanzo. Pumzi ikasikika.

“Simamisha, baba,” mama akasema, kabla ya neno la kwanza. “Rudisha palepale.”

Akarudisha.